Dawa za kuchochea upumuaji

SWALI: Baba yangu, mkazi wa Kariobangi, ana ugonjwa sugu wa mapafu. Je, dawa za kuchochea upumuaji zitamfaa?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Doksapramu, mojawapo ya dawa hizo, inayotiwa mshipani, huhimiza ubongo uongeze kasi ya kupumua, lakini mapafu yaliyoharibika na misuli iliyochoka haviwezi kuitikia kwa muda mrefu, ndiyo maana hospitalini mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa imechukua nafasi yake. Vidonge vya almitrini, dawa nyingine ya aina hiyo, vilidhuru neva na kukondesha wagonjwa, hata mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya likapendekeza viondolewe sokoni.

Mwombe daktari apime oksijeni katika damu yake: ikiwa imepungua sana, oksijeni ya nyumbani, angalau saa 15 kwa siku, huweza kurefusha maisha. Nakusihi, jiko la makaa lisikae chumbani mwake.