Dakika chache za pantoni

Kwa miaka mingi watu wote niliowachora walificha mikono. Huyu kaitia mfukoni, yule kaikunja mgongoni, mama wa sokoni kaifunika kwa khanga. Siku moja mzee aliyekuja kutazama picha zangu aliniuliza, "Mwanangu, hawa watu wako mikono yao iko wapi?" Swali lile lilinikosesha usingizi.

Wakati huo nilikuwa navuka kila siku kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda Magogoni, hapa Dar es Salaam, na jioni kurudi. Nikanunua kaunta buku na kalamu ya wino, nikaanza kuchora mikono ya abiria ndani ya pantoni. Mle ipo ya kila namna: imeshika usukani wa baiskeli, imekumbatia ndoo, imempakata mtoto aliyelala. Safari ni dakika chache tu, na hakuna anayetulia kwa ajili yako. Mtu anashuka, mchoro umebaki na vidole viwili. Unaanza mwingine.

Wiki za mwanzo zilinikatisha tamaa. Mwezi wa tatu hivi ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nachora mkono ninaoujua kichwani, wenye vidole vitano vilivyojipanga, wakati ule ulio mbele yangu umeshika bomba na unaonyesha vifundo vinne, kivuli, na ncha ya kidole gumba. Jicho langu ndilo lililokuwa halijafundishwa.

Kwa hiyo wewe unayeanza, weka ufutio nyumbani. Wino hukulazimisha kutazama sawasawa kabla ya kugusa karatasi. Ukimchora mtu aliyesimama, tafuta kwanza uzito umeangukia mguu gani: nyonga ya upande huo hupanda, na mara nyingi bega lake hushuka. Ukiupata mstari huo, sura inaweza kungoja. Andika tarehe kila ukurasa. Na michoro hii usiikimbize mtandaoni, maana daftari la mazoezi likishakuwa la kuonyesha watu, utaanza kuchora yale unayoyaweza tu. (Mtu akionyesha hapendi kuchorwa, funga daftari, umwombe radhi.)

Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na miaka ya mwanzo aliitumia zaidi kuchora kuliko kupaka rangi. Kabla ya picha yake kubwa ya wakulima wanaokula viazi, ya mwaka 1885, alikuwa amechora vichwa na mikono ya wanakijiji wa Nuenen mara nyingi mno. Nikikumbuka hilo, kaunta buku zangu sita naziona chache.

Sasa hivi ninapaka picha ya mama anayeparua samaki pale Feri, kwenye soko la samaki. Mikono yote miwili iko mbele, mmoja umebana mkia wa changu, mwingine una kisu. Kiwiko cha kushoto bado hakijakaa vizuri. Kesho asubuhi nitakitafuta kwenye pantoni.