Guangzhou Bei Bado Inapungua?

SWALI: Dada, shikamoo. Nauza mikoba Soko la Majengo hapa Dodoma, na mwezi ujao nakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Mwenzangu mmoja anasema ukitajiwa bei, taja nusu. Mwingine anasema Wachina siku hizi hawapatani bei. Nimsikilize nani?
Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wote wamekueleza walichokiona, ila kila mmoja aliingia duka lake.

Safari zangu za mwanzo muuzaji alikuwa hasemi neno, ananisukumia kalkuleta. Kaandika 60, nikafuta, nikaandika 30. Akacheka, akaandika 55. Nikageuka kuondoka, hatua tatu tu, naitwa. Wenyewe huita kan jia, na kan ni kukata, kama unavyokata gogo kwa shoka. Kwenye masoko ya watalii mambo hayo bado yapo.

Lakini Taobao, soko lao la mtandaoni, ilipoanza mwaka 2003, watu wakazoea kulinganisha bei za maduka kibao wakiwa wamekaa nyumbani. Mwaka 2015 likaja soko jingine la mtandaoni, Pinduoduo, ambako bei inashuka mkinunua kwa kikundi. Binti atakayekuuzia leo amekulia humo. Bei kaibandika, malipo ni kwa simu, na ukimwomba punguzo la mkoba mmoja anakushangaa. Supamaketi ndiyo usijaribu kabisa.

Wewe unakwenda kununua jumla, na huko bei inapunguzwa na idadi. Usiulize "mwisho ngapi?" kama tunavyoulizana Majengo. Uliza: nikichukua 20? Nikichukua 100? Kisha omba uchanganyiwe rangi ndani ya idadi hiyohiyo, maana wapo wanaotaka ufikishe idadi kwa kila rangi, na mikoba 100 ya kijani itakulalia dukani. Mimi kuchanganyiwa rangi kumenisaidia kuliko yuan zote nilizowahi kupunguziwa. Na zipu fungua za mikoba inayopakiwa, si ya ule wa sampuli. Niliwahi kufungulia mzigo hapa nyumbani, zipu sita zikabaki mkononi.

Jifunze kusema "pianyi yidian", punguza kidogo, useme kwa upole. Ila bei ukishaitaja wewe mwenyewe na yeye akaikubali, nunua. Ukiondoka hapo umemuudhi, na duka lenye mkoba unaoutaka huenda ni hilohilo moja.