Redio ya indie, mbona nyimbo ni zilezile?

SWALI: Habari za kazi dada. Kuna redio mpya ya intaneti nasikiliza, haina hata miezi mitatu, wanasema ni ya indie, yaani nyimbo za wasanii wasiobebwa na lebo kubwa. Mimi napiga gitaa kwahiyo nilifurahi mno, ila wiki ya pili tu nimechoka, ni bendi za Uingereza na Marekani basi, na zilezile, asubuhi napiga deki nasikia wimbo jioni nikirudi naukuta tena. Rafiki yangu anasema indie ndo ilivyo, mimi ndo sijui muziki. Ni kweli?
Msikilizaji, Arusha

JIBU: Pole mdogo wangu, na hapana, muziki unaujua. Rafiki yako anadhani indie ni mlio wa gitaa, kumbe chati ya kwanza ya indie Uingereza ilipotoka Januari 1980 kigezo kilikuwa nani anasambaza santuri, kama sio kampuni kubwa basi umo, upige gitaa usipige. Hata John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 tangu 1967 mpaka alipofariki 2004 na akazibeba sana bendi zisizo na jina, aliwapenda mno Bhundu Boys wa Zimbabwe akawa anawapiga kwenye kipindi hichohicho.

Kwahiyo mimi nikisikia redio ya indie iko hewani Afrika Mashariki halafu siku nzima hakuna singeli naumia kabisa. Vijana wa singeli pale Dar wamerekodi kwenye Sisso, studio ya mtaani, 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikawatolea mkusanyiko, leo wanapigwa kwenye madisko ya Ulaya. Sasa hao kama sio indie ni nani? Na Siti and the Band wa Zanzibar, na Just A Band wa Nairobi, mbona nyimbo zao zipo.

Kwenye kurudia nyimbo hapo tuwe na haki kidogo. Saa moja ukitoa maongezi inaingia nyimbo kama 12, kwahiyo redio yenye nyimbo 300 tu ikizipiga zote kwa zamu inamaliza kwa masaa 25, na hawa ndo kwanza wanaanza. Lakini wimbo ukirudi asubuhi na jioni siku hiyohiyo, kila siku, hapo sio uchache tena, kuna mtu kaupangia urudi. Redio za biashara zinafanya hivyo makusudi maana msikilizaji wao anapita tu, ila redio ya indie ikiiga huo mtindo inabaki na nini? Redio ya KEXP ya Seattle, Marekani, watangazaji wanachagua nyimbo wenyewe, na ukiisikiliza unajua kabisa kuna mtu yupo pale.

Chukua daftari, siku tatu, sikiliza lisaa limoja asubuhi, limoja mchana, limoja saa tano usiku, andika wimbo, msanii, katoka wapi, na mtangazaji kamtaja au hakumtaja. Hilo la mwisho ndo nalishikilia kuliko yote. Niliwahi kufanya hivi kwa redio moja siitaji, nyimbo 11 ndani ya saa moja, waliotajwa wawili! Kuna wimbo mmoja, dada anaimba na gitaa moja tu na nyuma unasikia mvua kwenye bati, mtangazaji akaingia juu ya ubeti wa mwisho na salamu, jina hakusema, mpaka leo natafuta ni nani sijampata. Msanii mwenye lebo hilo halimuumizi, mabango yake yapo mjini. Huyu asiye na lebo jina lake likitajwa pale redioni ndo malipo yake yote.

Daftari likijaa nitumie nilione. Na kama una nyimbo zako umerekodi wapelekee sasa hivi, usisubiri, uone kama watazifungua.