Barua kwa mwanangu: Anna Atkins na picha za buluu za mwani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli kitabu cha kwanza chenye picha za mwanga kilitengenezwa na mwanamke, na kwa nini picha zako za mwani zinatoka zimefifia. Nayajibu pamoja, kwa sababu ukizishika dawa zenyewe ndipo utaielewa kazi ya Anna Atkins.

Ni kweli. Anna alianza kutoa kitabu chake cha picha za mwani wa Uingereza, fungu baada ya fungu, Oktoba 1843, kabla ya kitabu cha Talbot, mvumbuzi wa Kiingereza wa upigaji picha, ambaye hutajwa zaidi. Kamera hakutumia. Sir John Herschel, mwanasayansi na rafiki wa familia yao, alikuwa amebuni sayanotaipu, yaani njia ya kutoa picha za buluu kwa mwanga wa jua, mwaka 1842, na Anna akaiona inafaa, kwani kitabu cha mwani cha William Harvey cha 1841 hakikuwa na picha. Kwa takriban miaka 10 kazi yake ilikuwa kuweka mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, kuianika juani na kuiosha, mamia ya kurasa kwa kila nakala. Hata maelezo aliyaandika kwa mkono, yakatoka meupe juu ya buluu. Ila jina lake aliandika A.A. tu, na baadaye mkusanyaji mmoja akadhani ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mwanagenzi asiyejulikana". Linaniudhi hilo: usahihi ule wa mkono haukuwa wa mwanagenzi hata kidogo.

Sasa picha zako. Chupa ya kwanza, gramu 25 za amonia sitireti ya feri, ile ya kijani, kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Ya pili, gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwa mililita 100. Zitunze mbali na mwanga, na uchanganye nusu kwa nusu kiasi cha siku hiyo tu. Vaa glavu, na ferisianidi usiikutanishe kamwe na asidi kali wala usiichemshe, hutoa gesi ya sumu. Paka kwa brashi isiyo na chuma, maana chuma huacha madoa ya buluu. Kausha kabisa gizani.

Nadhani kosa lako liko kwenye karatasi. Nyingi za kuchorea hutiwa chokaa ili zisiharibike mapema, na chokaa hiyo huila buluu. Tafuta isiyotiwa chokaa, au ongeza matone machache ya siki kwenye maji ya kwanza ya kuoshea. Sabuni na soda zikae mbali kabisa.

Mwani uoshe chumvi, ukaushe na kuubana bapa chini ya kioo. Ukiwa mbichi hulowesha dawa, na ukiinuka kidogo kingo hutoka na ukungu. Juani usihesabu dakika, itazame rangi: iache hadi sehemu isiyofunikwa igeuke kijivu chenye mng'ao wa shaba. Ukiitoa ingali ya kijani, buluu yote itaondoka na maji. Osha mpaka umanjano uishe, kisha iache ikauke. Buluu hukolea zaidi saa 24 zinazofuata.

Ikififia kwa kukaa sana kwenye mwanga, iweke kabatini siku kadhaa, hurudi kwa kiasi kikubwa. Ikififia majini, niambie ni karatasi gani uliyotumia.

Mama yako