Mkuu, achana na kilomita 10 kila siku, mimi nimetembelea magongo

Mkuu uliyeuliza faida za kukimbia kwa mtu wa kilo 94 hapa Moshi, raba gani ununue, na kama ni bora asubuhi au jioni: mimi nimeishia pale ulipoandika "jamaa wa jogging kaniambia nianze na kilomita 10 kila siku, Februari niingie nusu marathoni." Chai yangu imepoa kwa sababu yako.

Ushauri huohuo nilipewa na mtu aliyejiita kocha. Ukocha wake ulikuwa filimbi na traksuti. Akawa ananitolea mfano wa Simbu. Simbu! Mtu aliyebeba dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo 2025, ananilinganisha na mimi niliyebeba kitambi cha miaka 11 ya kukaa ofisini.

Wiki 3 za kwanza nilijiona mwamba. Kila alfajiri napandisha barabara ya Mweka, suruali inalegea, najipiga picha Kibo ikiwa nyuma yangu. Mtego uko hapo. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mifupa na kano zinataka miezi. Pumzi inakwambia twende, kumbe mguu hata kikaoni haujaitwa.

Wiki ya 4 ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, sehemu moja ndogo tu, ukigusa kwa kidole unaruka. Nikamwambia kocha. Akajibu, "Hayo ni mafuta yanayeyuka, kaza." Ugokoni kuna mafuta gani jamani, na kitambi kiko huku? Na mimi msomi mzima nikakaza siku 9 zaidi! Siku ya 10, nashuka kutoka Mweka, mguu ukagoma kabisa. Nikarudishwa kwa boda, watoto wa shule wananipungia mikono kama mheshimiwa.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Nikafurahi, nikakimbia tena. (Najua. Msiniandikie.) Ya pili ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Wiki 8 bila kukimbia, za mwanzo nikiwa na magongo, na ofisi yetu iko ghorofa ya 3 isiyo na lifti. Siku ya mbio nilikaa kando ya barabara nashangilia wenzangu. Kocha akapita, hakuniona. Au alijifanya.

Sasa nina sheria moja: salamu. Kila mtu mzima ninayekutana naye namwamkia salamu kamili, "Shikamoo mama, habari za asubuhi, watoto hawajambo?" Pumzi ikikata kwenye "watoto", natembea mpaka niweze kuimaliza salamu. Nilianza na dakika 1 kukimbia, 2 kutembea, siku 3 kwa wiki, kila siku ya mazoezi inafuatiwa na ya kupumzika. Ni aibu, sikufichi. Kuna mama alinipita kwenye mwinuko na mkungu wa ndizi kichwani, akanijibu bila hata kuhema: "Marahaba baba, pole." Nikaipokea pole yangu, nikaendelea kujikokota.

Mwaka wa pili huu, ugoko umetulia na usingizi naupata. Hiyo nusu mwachie huyo jamaa yako. Wewe jiandikishe zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon, tukutane pale Chuo cha Ushirika mbio zinapoanzia. Utanijua tu, mimi ni yule anayesalimia kila mtu.