Faili lako la hospitali na hizo simu za watafiti: maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba hospitali siku hizi zinapekua kompyuta zao kutafuta wagonjwa wa kuwaomba wajitolee kwenye tafiti, inbox haijapumua. Nimechagua machache. Kwa wageni: nilikuwa mwingiza data kliniki miaka sita, halafu nikawa mhojaji kwenye tafiti, kwa hiyo kinachofanyika nyuma ya dirisha la mapokezi nakijua, kizuri na cha aibu.

Shikamoo dada. Jana kanipigia kijana simjui, anasema yuko kwenye utafiti wa kisukari, anajua jina langu na sukari yangu ya mwezi wa tatu ilikuwa ngapi. Kapata wapi? (Mama wa watatu, Tanga)

Marahaba. Huyo kijana kakosea hata kama utafiti wake ni halali, na mimi ndo maana kila siku napiga kelele mpaka mnanichoka. Inavyotakiwa ni hivi: mtafiti anaandika vigezo vyake, tuseme wanawake wa miaka 40 mpaka 60, wana kisukari, hawajaanza insulini. Mtu wa data wa hospitali anaviingiza kwenye mfumo, iwe GoT-HoMIS (ule wa serikali wa kompyuta za hospitali) au mwingine, inatoka orodha. Orodha hiyo inabaki hapohapo hospitali. Anayekupigia wa kwanza awe mtu wa kliniki yako, yule nesi anayekugombeza kwa kula wali, anakwambia mama fulani kuna watu wanafanya utafiti, niwape namba yako au nisiwape? Ukikubali ndo namba inatoka, ukikataa mnaulizana habari za mvua mnaagana. Wewe ulikubali kutibiwa, hukukubali kupigiwa na kila mwenye laptop.

Na sio mambo ya hisani tu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023 na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Akipiga tena muulize namba ya kibali cha maadili, ile ruhusa ya kamati inayokagua tafiti za watu. Cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, huwa kinaanza NIMR/HQ/R.8a, na kama ni majaribio ya dawa lazima TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wawe wamepitisha. Mwambie akuletee fomu ya ridhaa, humo ndani kuna namba ya mtafiti mkuu na ya kamati, piga hizo, sio anayokutajia yeye kwa mdomo. Akianza kugugumia kata simu. Akikuomba hela ya kujisajili huyo ni tapeli, wala usimalizie kumsikiliza.

Hizo tafiti wanalipa shilingi ngapi? (wengi)

Nauli na kidogo cha muda uliopoteza. Sio ajira. Nishajibu hili mpaka vidole vimeota sugu, naomba liishe leo.

Mimi ni mwingiza data hospitali moja kanda ya ziwa. Daktari wetu anasoma masters, anataka nimtolee Excel ya wagonjwa wote wa presha na namba zao za simu nimtumie WhatsApp. Ni bosi wangu. Kuna ubaya?

Usitume.

Sasa nikwambie kwa nini hili linanipandisha presha mimi mwenyewe. Kliniki moja niliyofanya kazi, jina naliacha, ilitolewa orodha kama hiyo, majina na namba, wakapewa wahojaji waanze kupiga. Mmoja akampigia mama mmoja, simu ikapokelewa na mwanaume, yule mhojaji bila hata kuuliza naongea na nani akasema tunatoka utafiti wa wanaotumia ARV. Ile namba ilikuwa ya shemeji yake. Siku anafungua faili hakuwa na simu akaandikisha ya shemeji, sisi mapokezi tukaandika tu "simu ya mgonjwa" maana kwenye mfumo kulikuwa na kisanduku kimoja na foleni nyuma ilikuwa ndefu. Yule mama hakurudi tena. Kadi yake ya CTC2, ile inayobaki kliniki ya VVU, nimeishika mwenyewe, ilikaa kwenye boksi la wasiorudi, tarehe ya miadi imezungushiwa peni nyekundu. Na kutangaza hali ya mtu ya VVU bila ruhusa yake ni kosa toka Sheria ya UKIMWI ya 2008, sio jambo jipya hilo.

Utasema ya kwako ni presha tu. Sawa, lakini anayepigiwa na mgeni anayejua presha yake atajiuliza mgeni huyo anajua nini kingine, na safari ijayo mapokezi atadanganya jina. Ndo tunavyoharibu data wenyewe halafu tunalalamika data mbovu.

Kwa hiyo mwambie dokta hivi, kwa adabu: naomba kibali cha maadili na barua ya mganga mfawidhi. Wakati anavitafuta mpe idadi peke yake, kwamba waliotimiza vigezo ni wangapi, wanaume wangapi wanawake wangapi, hiyo inamtosha kupanga utafiti wake bila kuona jina hata moja. Kibali kikija, kliniki ndo ipige simu. Na password yako usimwazime hata kama ndo anakuandikia likizo, mfumo unaandika nani kaingia na saa ngapi, siku ikilipuka atakayeitwa ofisini ni mwenye jina lililoandikwa na sio aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti.

Naishi Leicester. Mwaka ule wa 2021 nilipata barua ya NHS, huduma ya afya ya serikali huku Uingereza, wakinialika kwenye utafiti wa kipimo cha damu cha kansa, nikaitupa nikijua matapeli. Nilikosea? (Mzee wa Pemba)

Shikamoo mzee. Inaelekea sana ilikuwa ya kweli. Utafiti wa Galleri, ndo jina la kipimo hicho, ulichukua watu 140,000 wa miaka 50 mpaka 77 huko Uingereza, Midlands ya Mashariki ikiwemo, na barua zilitumwa na NHS wenyewe kutoka kwenye kumbukumbu zao. Kampuni yenye kile kipimo haikuona jina lako mpaka uende mwenyewe useme nimekubali, na huo ndo utaratibu ninaoutaka huku. Ila wasijisifu sana, mpango wao wa care.data wa kukusanya mafaili ya madaktari wa mitaani waliufuta 2016 kwa sababu watu hawakuelezwa vizuri wakakasirika. Kama hutaki taarifa zako zitumike kwenye tafiti, unaweza kujitoa kupitia mtandao wa NHS. Mimi nisingejitoa. 2020 kwenye korona walifanya utafiti wa RECOVERY wa kutafuta dawa ya korona, mgonjwa anasaini fomu fupi, mengi ya baadae yanafuatwa kwenye kumbukumbu, kuanzia Machi mpaka Juni wakawa wameshajua dawa ya zamani ya dexamethasone inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia. Dawa ya bei ya karanga. Kwa kufukuzana na makaratasi ingechukua miaka.

Zahanati yetu haina kompyuta, ni vitabu vya MTUHA tu, vile vya kuandika wagonjwa kwa mkono. Ina maana sisi hatutaitwa? (Kigoma)

Kwa njia hii, hamtaitwa, na hapo ndo naona watafiti wengi wanafumba macho. Mfumo unamuona aliyeko kwenye mfumo. Wewe jina lako liko kitabu namba 5 kwenye kabati lenye mchwa, kompyuta ya mkoani haikujui. Matokeo yake dawa inajaribiwa kwa watu wa mjini wenye bima na simu mbili, halafu inaletwa Kasulu kana kwamba miili ni ileile na maisha ni yaleyale. Mtafiti mwenye akili anatafuta kwenye mfumo halafu anatuma mtu akafungue na vitabu, anaongea na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Inachosha, ndiyo.

Na hata walioko kwenye mfumo msidhani wako salama. Niliwahi kufungua orodha ya wazee nikakuta wengi ajabu wamezaliwa tarehe 1 Julai. Si kwamba Julai ina baraka, ni mtu kasema "nina kama sitini hivi" na kompyuta imegoma kuendelea bila tarehe, basi mapokezi kabonyeza hiyo. Halafu utafiti unataka miaka 60 kamili. Bibi wa watu anakataliwa kwa tarehe aliyoitunga binti wa dirishani. Mkienda hospitali nendeni na kitambulisho cha NIDA, na mkibadilisha laini semeni, jamani, kila wiki nasema.

Nina ndugu Kilifi anasema watafiti wanajua mpaka watoto wangapi wako kwenye boma. Huo si upelelezi? (Mombasa)

Si upelelezi, ni sensa yao. KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, wako Kilifi toka 1989, na tangu 2000 wanazungukia nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, halafu wanaunganisha na waliolazwa hospitali ya kaunti. Mtafiti akitaka watoto wa umri fulani anajua wako vijiji gani. Ila ndugu yako asisahau ana haki ya kuuliza na kukataa, Kenya mna sheria ya kulinda data ya 2019 na ofisi ya kamishna ya kupeleka malalamiko. Itumieni basi.

Nikikataa utafiti daktari si atanitenga? (hakutaja jina)

Haruhusiwi, na kwenye fomu imeandikwa kabisa kwamba matibabu yako hayabadiliki na unaweza kujitoa hata katikati. Akinuna, mnunie. Akikunyima dawa, nenda kwa mganga mfawidhi na ile fomu mkononi, kwa hiyo nakala yako usiiache mezani kwao.