Kwa nini nilimwachia yule samaki

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Massachusetts, huku Marekani. Mama yako hajambo, anakusalimu sana. Umeiona video ya Jumamosi ukaniuliza, "Baba, samaki mkubwa vile, mbona umemrudisha majini?" Nakujibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe nalipenda.

Yule ni straipa, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi saba au nane kutoka shavuni hadi mkiani. Tulikuwa kwenye boti ndogo ya jirani, mlangoni mwa mto Merrimack, alasiri, maji yanapwa. Wakati huo mto huwasukuma samaki wadogo nje baharini, na straipa hujibanza pembeni mwa mkondo akiwangoja. Wewe umekulia Pangani, unajua mkondo wa mto ukikutana na mawimbi mambo yanavyokuwa. Jirani hakuuachia usukani hata kidogo. Kuvua nikavua mimi.

Tulimpima: inchi 40, mita moja na ushei. Sheria ya hapa tangu 2023 ni samaki mmoja kwa mtu kwa siku, awe kati ya inchi 28 na 31.

Lakini hata sheria isingekuwapo, ningemwachia. Straipa wa ukubwa ule karibu wote ni majike. Wengi wao majira ya kuchipua hupanda mito inayoingia ghuba ya Chesapeake, kusini mwa huku, hutaga kwenye maji yasiyo na chumvi mayai kwa mamilioni, kisha hufuata pwani kuja huku kaskazini kula. Zamani walivuliwa mpaka wakakaribia kwisha. Jimbo la Maryland, lenye sehemu ya ghuba hiyo, likapiga marufuku kabisa kuwavua, kuanzia 1985 hadi 1990. Wavuvi waliumia, ila samaki walirudi. Sasa, tangu 2019, wachanga wanaohesabiwa huko kila mwaka wamekuwa wachache kuliko wastani. Kule wasipozaliwa, huku tutavua nini? Ndiyo maana naudhika nikiona mtu amemning'iniza jike kwa taya, anapigwa picha, samaki anakosa pumzi.

Ukivua straipa kwa chambo lazima utumie ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Humnasa pembeni mwa mdomo badala ya kushuka tumboni. Nikalowesha mikono, nikamtegemeza tumbo, kichwa nikakielekeza kwenye mkondo maji yapite matamvuani. Alipopata nguvu alijichomoa mwenyewe, akanilowesha mpaka kifuani.

Wa kula tulimpata baadaye, inchi 29. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, haimomonyoki. Mama yako alimchoma, akampaka tui zito la nazi na ukwaju. Vipande viwili viko kwenye friza, ni vyako ukija Agosti. Viatu vya boti usinunue, ninavyo vya saizi yako.

Baba yako